Mbwa, paka na daktari wao: namna ya kufanya kazi pamoja mnyama apone

Mbwa anafikishwa kliniki, mwenyewe anasema, "Daktari, hali chakula tangu juzi, naomba umchome sindano." Daktari hajui uzito wa mbwa huyo, hajui alichanjwa lini, na haambiwi kwamba jana alishadungwa oksitetra, yaani antibiotiki iliyonunuliwa duka la dawa za mifugo. Atabaki kukisia, na matibabu ya kukisia hulipiwa mara mbili: mara ya kwanza yanaposhindwa, na mara ya pili mnyama akiwa amekwisha nguvu.

Mgonjwa hawezi kujieleza, kwa hiyo nusu ya uchunguzi iko mikononi mwa anayeishi naye. Maelezo yafuatayo ni kwa wanaofuga mbwa na paka Tanzania na Kenya, ambako daktari huyohuyo asubuhi anazalisha ng'ombe na mchana anaitwa kwa paka aliyegongwa na bodaboda.

Mtafute kabla hujamhitaji

Tanzania, madaktari wa wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kenya, kazi hiyo ni ya Kenya Veterinary Board chini ya sheria ya mwaka 2011. Kumuuliza mtu namba yake ya usajili si kumkosea adabu, na aliyesajiliwa huitoa bila kinyongo. Elewa pia tofauti ya viwango. Daktari amesoma shahada miaka mitano, kwa mfano Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au Chuo Kikuu cha Nairobi. Afisa mifugo msaidizi ana cheti au stashahada. Afisa mifugo mzuri ni hazina kwa chanjo, minyoo na ushauri wa kila siku, lakini kupasua tumbo na kumlaza mnyama usingizi ni kazi ya daktari.

Daktari wa ng'ombe si lazima awe hodari wa paka. Muulize mambo machache kwa heshima: Hufanya upasuaji wa paka mara nyingi? Una mizani ya kuwapimia? Una hadubini, au damu unaipeleka maabara gani? Chanjo unazihifadhi vipi umeme ukikatika? Usiku au Jumapili nimpigie nani? Swali la chanjo lina uzito wake, maana chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyoshinda nje ya friji siku nzima bado ina rangi yake na lebo yake, ila huenda haikingi tena.

Ziara ya kwanza iwe mnyama akiwa mzima. Daktari ataandika uzito, joto na mapigo yake ya kawaida, naye mnyama atajifunza kwamba mahali pale si pa maumivu tu. Siku ya ugonjwa, daktari atakuwa na cha kulinganishia.

Daftari la mnyama

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Ukurasa wa mbele andika jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa hata kama ni ya kukadiria, na kama amehasiwa. Kisha kila tukio na tarehe yake: chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, joto la jike (siku aliyoanza kutoa damu), kujifungua, ugonjwa, na dawa kwa jina lake lililoandikwa kwenye boksi. "Vile vidonge vyeupe" havimsaidii daktari. Kama jina linakusumbua, piga picha boksi.

Pima uzito kila mwezi. Huhitaji mizani ya kliniki. Panda kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umembeba mbwa, soma, kisha panda peke yako, na utoe. Ukiwa na mbwa ni kilo 81, peke yako 69, basi mbwa ana kilo 12. Mbwa mkubwa asiyebebeka apimwe kliniki.

Jifunze pia vipimo vitatu vya nyumbani, ujue vya mnyama wako vikoje akiwa mzima. Cha kwanza ni pumzi: akiwa amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Mbwa na paka wengi waliotulia hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Cha pili ni fizi: bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa mwenye fizi nyeusi, angalia ndani ya kope la chini. Cha tatu ni joto. Tumia kipimajoto cha kidijitali, kipake vaselini, ingiza sentimita 2 hivi kwenye njia ya haja kubwa huku mtu mwingine akimshika kichwa. Kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Wengi huhukumu homa kwa kugusa pua. Pua kavu haisemi lolote. Mbwa aliyetoka kulala juani pua yake ni kavu na ya moto.

Unampigia simu au unampeleka: useme nini

Anza na kilichobadilika na lini. "Jumatatu asubuhi aliacha chakula, jioni akatapika mara tatu povu la njano, leo anaharisha maji yenye damu, maji bado anakunywa." Sentensi hiyo moja inamwonyesha daktari njia. Kisha taja umri, uzito, chanjo ya mwisho, kama anatoka nje au anashinda ndani, kama kuna mnyama mwingine anayeumwa nyumbani au kwa jirani, na kila dawa aliyopewa, hata ya kienyeji, hata ya binadamu. Hapa ndipo watu huficha kwa aibu. Daktari hana haja ya kukulaumu. Anahitaji kujua ili asirudie dawa ileile au kuchanganya zinazopigana.

Degedege, kikohozi na kuchechemea mara nyingi hutoweka mlangoni mwa kliniki. Chukua video ya nusu dakika nyumbani, mwili mzima uonekane, usimshike wakati unachukua. Kinyesi cha leo kiweke kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kifike ndani ya saa chache. Kile kilichokauka uani tangu jana hakifai.

Paka asafiri ndani ya kitu kinachofungwa: kikapu chenye mfuniko, au hata boksi gumu lenye matundu na kamba. Paka aliyebebwa mkononi ataruka barabarani pikipiki ya kwanza ikipita. Mbwa anayeuma, sema kabla hujafika. Mdomo hufungwa kwa bendeji laini: kitanzi kizunguke juu ya pua, kipite chini ya taya, kisha kifungwe nyuma ya masikio. Usimfunge anayetapika au anayehema kwa shida, maana atapaliwa au kukosa hewa.

Homa ya kupe: mahali ushirikiano huvunjika

Ukanda wa pwani na maeneo yote ya joto, kupe wa kahawia wa mbwa hazaliani porini tu. Anaishi kwenye nyufa za banda na kuta za nyumba. Anabeba wadudu wa aina mbili wanaosumbua zaidi: babesia, anayepasua chembe nyekundu za damu, na elikia, anayekaa ndani ya chembe nyeupe. Mbwa mwenye babesia fizi hupauka na mkojo huweza kuwa wa kahawia kama chai ya rangi. Wa elikia hudhoofu polepole, akaweza kutokwa damu puani au kuwa na vidoa vyekundu tumboni. Tiba zao ni tofauti. Babesia hutibiwa kwa sindano ya imidokabu anayochoma daktari, elikia kwa doksisaiklini ya mdomo.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyoharibika. Mbwa anaacha kula, mwenyewe anakwenda duka la dawa za mifugo, anapewa oksitetra ya asilimia 20 ile ya ng'ombe, anamdunga pajani. Mbwa anapata nafuu ya siku mbili, kisha anarudi kulala. Akifika kwa daktari, tone la damu linawekwa kwenye kioo cha hadubini na hakuna kinachoonekana, kwa sababu dawa imeshapunguza wadudu bila kuwamaliza. Kwa hiyo kanuni ni damu kwanza, dawa baadaye. Waombe wakuchukulie damu kabla ya sindano yoyote, ikiwezekana kutoka kwenye mishipa midogo ya ncha ya sikio, ambako babesia huonekana kwa urahisi zaidi.

Kosa la pili ni hesabu. Doksisaiklini kwa kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku. Mbwa wa kilo 12 anahitaji miligramu 120. Kidonge cha binadamu ni miligramu 100. Yule wa kilo 25 anahitaji 250, na kidonge kimoja kwa siku kitampa chini ya nusu ya dozi. Ndiyo maana daktari asiyepima uzito hawezi kuandika dozi sahihi, nawe usione haya kumwomba ampime.

Kosa la tatu ndilo kubwa: kuacha dawa mbwa akianza kula. Dozi ya elikia ni siku 28. Siku ya tano mbwa anachangamka, siku ya saba anabweka, siku ya kumi vidonge vinasahaulika kabatini. Wadudu waliobaki hujificha, na miezi kadhaa baadaye mbwa anarudi na damu iliyopungua kiasi kwamba dawa peke yake haitoshi tena. Bandika karatasi ya siku 28 kwenye mlango wa friji, anayetoa dawa aweke alama. Kama nyumbani kuna dada wa kazi au mlinzi anayempa mbwa chakula, yeye ndiye aje kliniki kusikia maelezo, au umpigie daktari naye akiwa pembeni.

Kidonge hicho kitolewe na chakula, lakini si na maziwa, maana maziwa huzuia dawa isiingie mwilini vizuri. Usikidumbukize kikavu kooni ukaondoka, hasa kwa paka: hukwama kwenye umio na kuuchoma. Mfuatishie maji kiasi cha mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, pembeni mwa mdomo. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mpigie daktari kabla ya kurudia.

Na kupe wenyewe? Ukimtibu mbwa ukaliacha banda, utarudi kliniki. Nyunyizia nyufa za banda dawa aliyoielekeza daktari na urudie, kwa kuwa mayai hayafi mara moja. Mwulize pia uchanganye kiasi gani kwa lita ngapi, andika, na upime kwa bomba la sindano badala ya kifuniko cha chupa.

Chanjo

Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya pamoja ya magonjwa ya virusi (distempa, parvo, homa ya ini) wiki ya 6 hadi 8, hurudia kila wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Watu huuliza kwa nini dozi nyingi hivyo, kama si biashara. Kinga aliyonyonya kwa mama huua chanjo ya mapema, na hakuna anayejua kwa kutazama kinga hiyo itaisha wiki gani. Dozi ya mwisho, ile ya wiki 16, ndiyo isiyotakiwa kukosa. Wanaokufa kwa parvo "ingawa walichanjwa" mara nyingi walipata moja tu. Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya chanjo iliyotumika na sheria ya mahali. Paka naye achanjwe, hata yule asiyetoka ndani.

Mwombe daktari akuonyeshe kichupa na abandike lebo yake kwenye kadi: jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Kadi yenye mhuri tu bila lebo haithibitishi nini kiliingia mwilini.

Dawa za nyumbani zinazoua

Paka hapewi panadoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Dawa za kupe zenye permetrini, hata zile zilizoandikwa "ya mbwa", humtia paka mitetemeko na degedege, na dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse kabisa.

Mnyama akila sumu, usimnyweshe mafuta, maziwa wala maji ya chumvi. Mafuta huingia mapafuni, na chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Beba pakiti ya sumu au kilichobaki, taja saa aliyokula, uondoke. Mate yanayomwagika, kutetemeka na mboni zilizobana kama nukta ni dalili za dawa za wadudu. Zinahitaji atropini ndani ya muda mfupi. Sumu ya panya ya kuvujisha damu ni ya hila: mnyama huonekana mzima siku tatu au zaidi kabla ya kuanza kutokwa damu. Usisubiri dalili.

Yasiyosubiri asubuhi

Paka dume anayekwenda kwenye mchanga mara kwa mara bila kutoa mkojo. Mwenyewe hudhani amefunga choo, kumbe njia ya mkojo imeziba, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Mbwa mkubwa mwenye tumbo lililojaa ghafla, anayejaribu kutapika bila kutoa kitu. Fizi nyeupe au za bluu. Degedege inayozidi dakika 5, au inayojirudia. Jike anayesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu. Joto linalozidi nyuzi 40 au lililoshuka chini ya 37.5. Paka aliyekaa siku mbili bila kula si wa usiku huo, lakini asivuke siku ya tatu, maana ini lake hujaa mafuta.

Kichaa cha mbwa

Mbwa anayeachama, taya imelegea, mate yanachuruzika, sauti imebadilika: watu hudhani amekwamwa na mfupa, wanatia mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Mfungie mahali bila kumgusa, mpigie daktari kwanza ili ajiandae, usimpakie kwenye gari pamoja na watoto. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kidonda kikiwa kidogo. Mbwa aliyeuma akiwa hai na anaonekana mzima, asiuawe; afungiwe na kuangaliwa na daktari siku 10. Akifa, asipondwe kichwa wala kuzikwa kabla daktari hajaarifiwa, kwa sababu kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Fedha na upasuaji

Uliza gharama kabla kazi haijaanza, na uiombe kwa ujumbe wa simu: kumwona daktari, kipimo, dawa, usafiri kama anakuja nyumbani, na marudio. Kama fedha ni kidogo, sema kiasi ulichonacho. Daktari anaweza kupanga kipi kifanyike leo na kipi kingoje, lakini hawezi kupanga asichokijua. Kumlipia bodaboda daktari anayefuata mgonjwa nyumbani ni haki yake, si hisani.

Kabla ya upasuaji, mbwa mzima asile tangu saa mbili usiku. Maji aachiwe mpaka asubuhi. Watoto walio chini ya wiki 16 wasilale na njaa, sukari yao hushuka haraka. Daktari atakupa saa zao. Jike anayetolewa kizazi asipelekwe akiwa kwenye joto kama hakuna dharura, kwa kuwa mishipa ya kizazi imejaa damu. Miezi miwili au mitatu baadaye ni salama zaidi. Kabla hujaondoka naye uliza dawa ya maumivu ni ipi na ya siku ngapi, na uondoke na kola ya shingoni. Mbwa hufungua nyuzi kwa ulimi usiku mmoja. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14.

Mkitofautiana

Anza na swali: "Daktari, unafikiri ni ugonjwa gani, na kitu gani kitatuonyesha kwamba tumekosea?" Kama baada ya siku alizokutajia hakuna mabadiliko, rudi kwake na daftari kabla ya kukimbilia kwingine, mara nyingi mabadiliko ya dawa yanahitaji kujua ya kwanza imefanya nini. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, mwambie wa kwanza na umwombe nakala ya majibu ya maabara na orodha ya dawa. Daktari wa pili asiyejua ya kwanza anaanza upya kwa fedha zako. Malalamiko mazito, kama upasuaji uliofanywa na asiyesajiliwa, hupelekwa kwa Baraza au Bodi kwa maandishi, yakiwa na tarehe, risiti na picha.

Unayehama na mnyama kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, mwone daktari mapema sana. Mpangilio ni huu: chipu ya utambulisho ya chini ya ngozi, yenye tarakimu 15, kwanza, kisha chanjo ya kichaa, kisha damu ya kupima kinga angalau siku 30 baada ya chanjo, majibu yasipungue uniti 0.5 za kimataifa (IU) kwa mililita, halafu miezi mitatu ya kungoja tangu damu ilipochukuliwa. Chanjo ikitangulia chipu, haihesabiwi, na saa yote inaanza upya.